Mama Gundi na Visanduku vya Chipu

Siku Fundi alipoanguka, gundi ilikuwa bado mbichi kwenye pembe zote nne za kisanduku.

Mkewe alikuwa uani akisugua trei kwa msasa. Alisikia kishindo, kisha randa ikiburuzika sakafuni, kisha kimya. Alipoingia karakana alimkuta mumewe amelala ubavu katikati ya maranda, mdomo umekwenda upande mmoja, jicho moja limefumba nusu na jingine likimtazama. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika chini yake kama si wake. Alijaribu kusema neno, likatoka povu.

Mwanamke akasimama. Akamtazama mumewe, akatazama benchi. Mbao nne za mninga zilikuwa zimeshapachikwa meno, zimekaa wima, na gundi iling'aa kwenye maungio na kuanza kuteremka kidogo kidogo. Gundi ile ikishapakwa haikupi nafasi ya kuvuta pumzi. Usipoibana upesi, pembe zinaachana na kazi ya wiki nzima inakuwa kuni. Akaruka miguu ya mumewe, akachukua vibanio vya chuma ukutani, akavifunga kimoja baada ya kingine, akapima pembe, akalegeza kibanio kimoja, akakikaza upya. Akafuta gundi iliyofurika kwa kitambaa cha maji. Ndipo akatoka mlangoni akapiga kelele kumwita fundi viatu wa jirani.

Wakati wote huo lile jicho moja lilikuwa wazi. Lilimwona.

Jina la Gundi alipewa na huyo huyo mumewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimrudisha kwao kwa kosa la kumwaga kopo la vanishi. Mwaka wa pili akamrudisha tena, kwa kosa ambalo hata mwenyewe alilisahau kabla hawajafika kituo cha basi. Mara zote mbili wazazi wake walimpa chai, wakampa nauli, wakamwambia arudi kwa mumewe. "Nimepatikana," Fundi aliwaambia wateja, nao wakicheka. "Nikimbandua huku ananata kule. Gundi kabisa huyu." Wateja wakamwita Gundi, majirani wakamwita Gundi. Binti yao alipozaliwa akawa Mama Gundi, jina lisilo na kichwa wala miguu, kwa sababu mtoto hakuitwa Gundi. Lakini nani aliuliza?

Zamani Fundi alikuwa seremala kama maseremala wengine, wa madirisha, vitanda na madawati. Visanduku vilimwangukia tu. Siku moja alikuja mtu mmoja mnene, msafi, anayenukia manukato kuanzia barabarani, aliyekuwa na ukumbi wa kuchezea karata ghorofani kwenye hoteli. Watu walimwita Karata. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki uliojaa chipu, yale mapande ya duara ambayo wacheza poka huyaweka mezani badala ya fedha. Ni ya rangi rangi, na ukiyashika kiganjani yana uzito unaokufanya ujione tajiri hata kama hujala.

"Wageni wangu ni watu wazito," Karata alisema, akiutikisa mfuko ukalia kama njugu. "Nitawapaje vitu hivi kwenye mfuko wa sokoni? Nitengenezee kisanduku. Kizuri. Mtu akikifungua mezani, wenzake wameze mate."

Fundi alikitengeneza. Ndani alichimba mifereji ya nusu duara, chipu zikalala kwa safu, zimesimama kwa ubavu, hazichezi wala hazibani. Akakifunga, akakipindua juu chini, akakitikisa sikioni kwa Karata. Hakikutoa sauti. Karata akakenua meno, na kuanzia hapo madirisha na madawati yakasahaulika. Kila mchezaji wa ghorofani alitaka cha kwake, na kila mmoja alikuja na wazimu wake. Mmoja alitaka droo ya siri. Mwingine alitaka mifereji igeuzwe kwa sababu yeye hutumia shoto. Mwingine alikataa vanishi kabisa, akataka nta tupu, kwa sababu mkewe alikuwa na tabia ya kumnusa mikono akirudi nyumbani.

Kazi ya Mama Gundi ilikuwa msasa na kitambaa. Fundi akishachimba mifereji, yeye aliisugua mpaka iwe laini kama ngozi ya mtoto, kisha akaitandika kitambaa kizito cha kijani. Kuchimba hakuruhusiwa hata kutazama. Fundi alifunga mlango, akitoka anampa trei, ule ubao wa ndani wenye mifereji. Jioni aliikagua. Alipitisha kifundo cha kidole ndani ya kila mfereji, polepole, macho yamefumba, na mkewe amesimama mbele yake amebana pumzi. Akikuta mkwaruzo hakupiga kelele. Alichukua kipande kilekile cha msasa, akaushika mkono wa mkewe, akausugua mgongo wa kiganja mpaka damu ikachuruzika.

"Unaona?" alimwambia kwa upole, kama mwalimu mwenye subira. "Hivyo ndivyo kisanduku kinavyojisikia."

Siku nyingine alimsimamisha mlangoni na trei kichwani mpaka wateja watatu waingie na kutoka. Wateja walichekacheka, wakamkwepa kwa ubavu. Wakati mmoja, akiwa na mimba ya binti yao, alijitengenezea kwa siri kikasha kidogo cha vifungo kwa vipande vilivyobaki. Fundi alikiona. Alikiweka benchi, akakipima pembe zote mbele ya fundi viatu, akasema, "Shemeji yako amekuwa seremala," wakacheka mpaka machozi. Kisha akachemshia chai kwa kikasha kile. Fundi viatu alikunywa ile chai. Miaka baadaye alisema hakuona lililokuwa baya, maana hata Mama Gundi mwenyewe ndiye aliyewamiminia.

Hospitali walisema ni kiharusi. Walimlaza, wakamgeuza, wakamchoma sindano, na alipotoka alikuwa mtu nusu. Upande wa kushoto ulimtii. Wa kulia ulining'inia, na maneno yalikuwa yamekwenda yote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye sauti ya kutuliza, alimpa Mama Gundi mpira mdogo wa kubonyeza akamwonyesha namna ya kuukunja na kuukunjua mkono.

"Asubuhi na jioni, mama. Umchovye mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Huu mkono haujafa. Umelala tu. Ukiuacha ulale, hautaamka."

Mama Gundi alifanya. Watu waliomwona wiki zile za mwanzo walisema mwanamke yule ni malaika, baada ya yote yale. Alipasha maji, akachovya, akakunja kidole kimoja kimoja, akahesabu kwa sauti. Dole gumba likaanza kutikisika. Kisha asubuhi moja, akiwa amepiga magoti mbele ya kiti, kile kiganja kilijikunja chenyewe kikamshika kifundo cha mkono. Hakikubana sana. Mtoto angejinasua. Lakini aliujua mshiko ule, aliujua mahali kila kidole kinapokaa.

Fundi alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Mama Gundi aliufungua mkono ule, akaulaza kwenye paja la mwenyewe, akamwaga maji ya uvuguvugu uani. Kesho yake hakupasha mengine. Mpira aliuweka juu ya kabati, huko nyuma kabisa, na hakuna aliyemwuliza uko wapi.

Ndipo alipofungua mlango wa karakana. Alidhani atakuta uchawi. Alikuta vibao vya vipimo vimetundikwa msumarini, randa yenye tumbo la mviringo, na patasi zimepangwa kwa ukubwa. Mifereji yenyewe vidole vyake vilishaijua. Alikuwa ameipapasa kwa nusu ya maisha yake, kina chake, mwinuko wake, mahali Fundi alipokuwa akikosea akificha kosa chini ya kitambaa. Maana alikuwa akikosea. Hilo Mama Gundi alilijua peke yake. Trei ya kwanza aliyoichimba ilipasuka. Ya pili ilikuwa mbaya. Ya tano Karata aliipindua juu chini, akaitikisa sikioni, akasikiliza, akaitikisa tena.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi."

"Acha utani, mama."

"Basi kafanya yeye," alisema, akionyesha kwa kidevu mtu aliyekaa kwenye kiti na mate kidevuni. Karata akacheka mpaka akashika mbavu, akaagiza vingine.

Kiti kile alikihamishia karakana. Majirani walidhani ni kwa sababu ya kumwangalia vizuri, na ni kweli alikuwa akimwangalia. Alimweka palipo na mwanga, akitazamana na benchi, ili asikose kitu. Akichimba mfereji alimgeuzia aone. Akimaliza kisanduku alikiweka kwenye mapaja ya mumewe, akauchukua mkono wake mzima wa kushoto, akamtia kidole mferejini.

"Kagua," alisema. "Tafuta mkwaruzo."

Fundi alipapasa. Hakuweza kujizuia, vidole vya seremala vikikuta mbao vinafanya kazi vyenyewe. Na kwa kuwa hakukuwa na mkwaruzo, uso wake ulikuwa ukichanika katikati, nusu moja ikilia na nyingine imetulia kama ya mtu anayengoja basi.

Binti yao alikuwa akiuza kwenye duka la dawa mji mwingine. Alipopata likizo alikuja na maboksi ya nepi za watu wazima na marhamu ya kutosha. Alikuwa mtoto wa pekee, kipenzi cha baba, aliyebebwa mabegani na kuletewa peremende. Alikaa chini ya kiti akiushika ule mkono wa kushoto, akimsemesha baba yake taratibu, silabi moja moja, kama anavyofundishwa mtoto. Siku ya tatu Fundi alikaza shingo, mishipa ikamsimama, akatoa sauti.

"Gu... Gundi."

Binti aliruka. "Mama! Mama, njoo! Amekuita!"

Mama Gundi alitokea mlangoni na patasi mkononi.

"Gundi," Fundi alisema, safari hii wazi zaidi. Lile jicho lilikuwa limemganda mkewe usoni. "Gundi. Gundi."

Binti alikuwa analia na kucheka. "Neno lake la kwanza, Mama! Kati ya maneno yote ya duniani! Wewe unasema hakujali, umeona sasa?"

Mama Gundi aliona. Aliona vibanio ukutani, aliona maranda mahali pale pale alipolala yule mtu akimtazama. Alisema, "Nimemsikia," akarudi kwenye kazi yake. Hadi jioni alikuwa ameharibu mfuniko mmoja. Lakini siku zikapita, Fundi hakuongeza neno lingine juu ya lile, na yeye akatulia. Alitambua kwamba mumewe angeweza kulisema mbele ya hakimu na askari, mchana kutwa, na kila mtu angefuta machozi kwa jinsi alivyompenda mkewe. Baada ya hapo, kila alipolisema alimwitikia. "Abee, mume wangu," kwa sauti ya asali. Fundi akageuza uso kwa hasira.

Wateja walikuwa wakimwona pale kila wakija. Siku moja Karata alikuja na marafiki zake wawili, wanaume wa mashati ya kupigwa pasi, kuchukua kisanduku cha zawadi. Kilikuwa kizuri kuliko vyote, mfuniko wa mbao mbili za rangi tofauti zilizopachikwa kwa umbo la jani la kopa. Mama Gundi hakuwakabidhi. Alikiweka mapajani mwa mumewe kwanza.

"Hapa hakitoki kitu bila Fundi kukipitisha," alisema. "Haya, Fundi. Kuna kasoro?"

Wanaume wale walimtazama Fundi, na Fundi akawatazama. Taya lilimchezacheza. Mate yakamdondoka, yakatua juu ya mfuniko, juu ya lile jani la kopa.

"Tunakusubiri," Mama Gundi alisema. "Usione aibu. Sema tu. Kuna kasoro?"

"Gu..."

"Abee. Nauliza kasoro."

Mmoja wa wale wanaume aligeuza uso akajifanya anatazama misumeno. Karata alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanapanda na kushuka. Mama Gundi aliwaacha wangoje mpaka kungoja kukawauma, kisha akafuta mate kwa upindo wa khanga yake.

"Basi hana neno," alisema. "Kimepita."

Karata alilisimulia jambo lile ghorofani usiku mzima wa mchezo, na baada ya hapo wateja walikuja wakiomba wenyewe. "Si mpaka Fundi akipitishe?" walisema, wakikonyezana. Naye hakuwanyima.

Kisha Karata akapata ukumbi mpya, mkubwa, na akaagiza visanduku kumi na viwili vya mbao moja, kila meza na chake, viwe tayari siku ya ufunguzi. Mama Gundi alifanya kazi mpaka mgongo ukawa ubao. Trei zote alizitandika kitambaa, akazipanga kwenye rafu ya chini zikauke gundi, akaenda dukani kununua bawaba. Fundi alibaki kwenye kiti chake, na fundi viatu akaombwa achungulie mara moja moja.

Hakuna aliyejua Fundi alikuwa amejifunza kukisogeza kile kiti. Alikisukuma kwa mguu wa kushoto, kidogo kidogo, kila alipoachwa peke yake, na siku ile alifika benchi. Kopo la vanishi lilikuwa wazi. Alilitia mkono, akalivuta, likapinduka juu ya rafu. Hilo halikumtosha. Aliokota patasi kwa ule mkono wa shoto ambao haukuwahi kushika patasi maishani, akaburuza ncha yake juu ya mifuniko iliyopangwa pale, mmoja baada ya mwingine, kadiri alivyofikia.

Mama Gundi alimkuta anahema, vanishi imemlowesha hadi kwapani, amechangamka kama mtu aliyeshinda mchezo. Kwa mara ya kwanza tangu augue, nyuso zao zilikutana kama za watu wawili wazima.

"Umefanya vizuri," mwanamke alisema. "Umefanya kazi."

Hakumpiga. Alimwosha kwa mafuta ya taa, mafuta yakamwasha ngozi mpaka ikawa nyekundu. Kisha akakigeuza kiti, akakisukuma kwenye pembe ya karakana ambako kuta mbili zinakutana, magoti ya mumewe yakagusa ukuta, akakifunga kwa kamba kwenye mguu wa benchi. Mbele ya Fundi hapakuwa na kitu ila plasta. Humo alishinda. Alilishwa humo, mkono wa mkewe ukimjia kwa nyuma na kijiko. Mama Gundi akachimba trei upya na hakumwita tena kukagua. Hakumsemesha kabisa.

Fundi viatu alivumilia siku kadhaa. Alikuwa mtu wa mizaha, asiyependa kuingilia ya watu, na aliingia akijaribu mzaha.

"Shemeji, huyu bwana amefeli mtihani nini, mbona amepewa kona?"

"Anapumzika macho."

"Anapumzika macho," fundi viatu alirudia. Alisogea akamchungulia Fundi usoni, na alichokiona pale kilimfanya avue kofia. "Mama Gundi. Hata ng'ombe hafungwi hivi."

"Ng'ombe hajawahi kunisugua msasa. Wewe ulikuwa unakunywa chai."

Jioni ile fundi viatu alimpigia simu binti.

Binti alifika na gari la kukodi. Hakusalimu. Alikata kamba kwa kisu cha benchi, akampakia baba yake, akampeleka hospitali ile ile, kwa yule msichana wa mazoezi. Walirudi mchana. Fundi alibaki garini na dereva, na binti akaingia karakana, akasimama upande wa pili wa benchi. Mama yake alikuwa anapaka nta mfuniko, mizunguko midogo midogo, na hakuinua kichwa.

"Wameniuliza mazoezi yaliachwa lini."

"Ukajibuje?"

"Nikasema hayakuachwa. Nikaapa, Mama. Nikaapa kwa jina lako! Wakaufungua mkono wa baba, wakashindwa. Vidole vimekauka kama kucha za kuku. Wamesema mkono ungefanyiwa mazoezi angekuwa anashika kijiko. Angekuwa anafunga vifungo vyake. Sasa basi. Ndiyo hivyo mpaka kaburini."

"Ule mkono naujua kuliko wao."

"Mama."

"Wewe mkono ule ulikuletea peremende. Sikulaumu. Mimi ulinifundisha kazi." Aliinua mkono wake wa kushoto akauonyesha mgongo wa kiganja, ngozi iliyong'aa bila vinyweleo. "Soma hapa kama wewe ni mtu wa dawa."

Binti hakutazama. "Nilikuwa nasikia," alisema polepole. "Usiniambie kama vile sijui. Nilikuwa nasikia, najifunika shuka. Ungeondoka! Ungenichukua ukaondoka."

"Niende wapi? Kule walikonipa nauli ya kurudi?"

Nje, dereva alipiga honi mara moja, akatulia.

"Na yeye bado anakuita," binti alisema. "Njia nzima. Gundi, Gundi. Neno moja analo duniani, na ni jina lako, na wewe umemfunga kamba ukutani."

Mama Gundi aliangua kicheko, kifupi, kikavu. Akafungua mdomo kama anayetaka kueleza jambo, akaufunga.

"Haniiti mimi," alisema, akitazama vibanio ukutani.

Binti alimtazama akidhani amerukwa na akili. Akachukua nguo za baba yake, akatafuta ule mpira wa mazoezi, akauona juu ya kabati umejaa vumbi, akautia mfukoni. Gari likaondoka. Visanduku kumi na viwili vilifika ukumbini siku yake, na Karata alikwenda kila meza akivipindua juu chini mbele ya wageni.

Baada ya hapo Mama Gundi aliishi peke yake na kazi. Aliajiri watu wa kupiga msasa, wakaacha. Wa kwanza aliacha baada ya mwezi, wa pili hakumaliza wiki. Walisema hapigi wala hatukani, lakini akishika trei yako akafumba macho na kupitisha kidole, unahisi heri angekutukana. Simu kwa binti alipiga mara mbili. Zote mbili zilipokelewa na kukatwa.

Msimu wa baridi Fundi alishikwa na homa ya mapafu, na hakuinuka. Binti alimpigia simu fundi viatu baada ya mazishi, akasema, "Mwambie, ukitaka." Fundi viatu alikaa na habari ile mchana kutwa, akishona kiatu kimoja kwa uzi uleule, kabla hajavuka kwenda karakana.

Mama Gundi alisafiri kesho yake. Alifika nyumba ya binti akakuta viatu vya watu mlangoni na wanawake wamekaa kwenye mikeka. Walipojua ni nani, walisogea. Hawakusogea kumpisha. Binti alitoka na glasi ya maji, akamwelekeza kwenye ngazi za nje, wakakaa hapo wawili, nafasi ya mtu wa tatu katikati yao.

"Tumemzika juzi."

"Nimeambiwa."

"Sikutaka kukuita."

"Najua." Mama Gundi alikunywa kidogo. "Aliteseka?"

"Siku za mwisho, hapana. Alikuwa amejifunza kula kwa kushoto. Akimaliza sahani anainua kijiko tumwone. Alikuwa na majivuno, baba." Binti alijifuta pua kwa kiganja. Kisha akamgeukia. "Ulitaka ateseke?"

Mama Gundi alilifikiria swali. Hakuwa na sababu tena ya kudanganya, na hapakuwa na mtu wa kumtegea kwa jibu lake.

"Mwanzoni, ndiyo. Nilitaka sana. Baadaye sikuwa nataka kitu. Nilikuwa nimezoea tu."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya vipimo aliyokuwa akiyatarajia. Akaichukua glasi mkononi mwa mama yake, maji yakiwa bado nusu, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama Gundi alikaa pale mpaka wanawake walipoanza kutoka mmoja mmoja kwenda makwao, wakipita ngazini bila kumgusa. Basi la mwisho lilikuwa na nafasi nyingi. Alikaa nyuma, mikono mapajani, hakulia. Alijaribu, kwa kuwa alidhani inapasa, halikuja hata chozi moja.

Asubuhi alifungua karakana kama kawaida, akafagia maranda ya juzi. Karata alikuja mapema, amefuatana na mteja mgeni, kijana mwenye miwani aliyeshinda mashindano fulani na sasa anataka kisanduku cha kusafiria. Karata alikuwa amesikia. Alivua kofia, akaishika tumboni, akatafuta sura ya huzuni.

"Mama Gundi, pole sana na msiba. Fundi alikuwa mtu wetu."

"Asante," alisema Mama Gundi, akimsogezea yule kijana kipande cha mbao apapase. "Pembe unazitaka kali au za mviringo?"